Kwa nini dhoruba ya theluji iliua watu wengi Buffalo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu alihamia Buffalo, Marekani, kutoka kambi ya Nyarugusu. Anasema dhoruba ya theluji ya Desemba 2022 iliua watu wengi. Inawezekanaje katika mji uliozoea theluji?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa wasiwasi. Theluji peke yake isingeleta maafa yale; ni upepo. Hewa ya baridi kali ilipita juu ya Ziwa Erie, ambalo lilikuwa halijaganda, ikachukua mvuke na kuumwaga mjini kama theluji, huku upepo uliozidi kilomita 100 kwa saa ukiipeperusha hata mtu asione hatua chache mbele yake. Hali hiyo ilidumu saa 37. Magari ya zimamoto, ya wagonjwa na hata ya kuondoa theluji yalikwama, kwa hiyo aliyeshikwa na moyo nyumbani hakufikiwa. Zaidi ya watu 40 walifariki katika Kaunti ya Erie, baadhi yao garini, wengine barabarani au katika nyumba zilizokosa umeme. Kwa maoni yangu, marufuku ya kuendesha magari ilichelewa mno, maana ilitangazwa asubuhi ya Desemba 23, wakati wengi walikwisha kwenda kazini.

Mwambie mdogo wako aweke chakula, dawa na mablanketi mapema. Akikwama, abaki garini, na kabla ya kuwasha injini aondoe theluji iliyoziba ekzosi, kwa sababu gesi ya kaboni monoksaidi ikirudi ndani huua bila kutoa harufu.