Maswali yenu: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilivyoanza 1861, Kaskazini dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga, nani aliingia na nini

Kusini walikuwa na majenerali wakali, mbona walishindwa?
Hili mnaniuliza kila mara jamani. Lee na Jackson walikuwa wakali kweli, tena Kusini walipigana kwao, hawakuhitaji kuiteka Washington, ilitosha wasishindwe mpaka Kaskazini wachoke. Ila jenerali hajengi reli. Kaskazini walikuwa watu kama milioni 22, Kusini milioni 9, na humo zaidi ya milioni 3.5 ni watumwa. Viwanda karibu vyote vilikuwa Kaskazini. Reli za Kusini zilipishana upana, na pale mji wa Petersburg, Virginia, njia hazikuungana kabisa, mzigo unashushwa, unavushwa mjini kwa mikokoteni, unapakiwa upya, na huko mbele askari wana njaa.

Si Uingereza ilitegemea pamba yao?
Ilitegemea, na hapo ndipo walipojiharibia. 1861 wakaizuia pamba wenyewe wakidhani Uingereza itawapigia magoti, kumbe maghala ya kule bado yamejaa, na baadaye ikanunuliwa ya Misri na India. Wangeiuza mapema wakanunua bunduki kabla manowari za Lincoln, rais wa Kaskazini, hazijabana bandari.

Kaskazini hawakuwa na udhaifu?
Walikuwa nao. Jeshi la kudumu askari kama 16,000 tu, wengi wako magharibi huko. Lincoln akaita 75,000 wa miezi mitatu, Julai wakatimuliwa kwenye pigano la Bull Run, Virginia.

Kusini si walitetea haki za majimbo tu?
Hapana. Soma tamko la kujitenga la Mississippi, jimbo la Kusini, la 1861, wameutaja utumwa wenyewe mwanzoni kabisa. Nimechoka na hili.

Watumwa walikuwa nguvu ya Kusini au udhaifu?
Swali zuri kuliko yote, na vitabu vingi vinaliruka. Vyote viwili. Wao ndio waliolima na kujenga ngome, ndo maana wazungu wengi waliweza kwenda vitani. Lakini Mei 1861 Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, waliokuwa wanajengeshwa ngome ya mizinga ya Kusini, walichukua mtumbwi usiku wakavuka mpaka Fort Monroe, ngome iliyoshikwa na Kaskazini. Aliyewamiliki akatuma afisa kuwadai, Jenerali Butler wa Kaskazini akagoma, maana kuwarudisha ni kumpa adui vibarua. Baada ya hapo wakaja watumwa wengine makumi, kisha mamia. Ukiona jedwali la nguvu za pande mbili na hawa hawamo, usilikopi. Mpaka vita inaisha watu Weusi kama 180,000 walishavaa sare ya Kaskazini, wengi wao wametoka majimbo ya utumwa.