Shikamoo, mdogo wangu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: katika ugomvi huu wa Marekani kuhusu wahamiaji wasio na makaratasi, mkosaji mkubwa ni nani, anayefanya kazi bila kibali au bosi anayemwajiri? Mliomba majibu mafupi. Mnisamehe, langu halitakuwa fupi.

Jibu la haraka, lile nililompa mume wangu jikoni kabla hata hajamaliza kunisomea swali, ni bosi. Bosi afungwe. Mtu maskini hutafuta kazi popote ilipo, hilo halina ajabu. Ajabu ni tajiri anayeifungulia kazi hiyo mlango wa nyuma huku mlango wa mbele amebandika bendera. Niliposhika kalamu, hata hivyo, nikagundua kinachoniwasha ni kitu kingine kidogo. Mimi nauliza: karatasi huanza kuwa ya bandia siku gani?

Nilikuwa karani katika kiwanda cha kufulia hapa Houston. Si zile mashine za mtaani za kutumbukiza sarafu. Ni ghala zima linalofua mashuka na taulo za mahoteli, malori yanaingia na malori yanatoka. Kazi yangu ilikuwa kupiga hesabu za mishahara ya wiki na kutunza mafaili. Kulikuwa na kabati la chuma la fomu za I-9 peke yake, zile za kuthibitisha kwamba mwajiriwa anaruhusiwa kufanya kazi Marekani. Wabeba boksi wenzangu mnaijua fomu hiyo: wewe unajaza sehemu ya kwanza, unaonyesha vitambulisho, na ndani ya siku 3 za kazi mtu wa kampuni anavitazama, anajaza sehemu ya pili na kutia saini kwa kiapo. Mtu wa kampuni nilikuwa mimi.

Sasa sikilizeni sheria inavyosema, maana wengi hubishana bila kuijua. Mwajiri hatakiwi kuwa mtaalamu wa kugundua kughushi. Kitambulisho kikionekana cha kweli na kikionekana kuwa cha huyo aliyekileta, basi. Ukianza kumdai mtu vitambulisho vya ziada kwa sababu ya lafudhi yake au sura yake, hilo nalo ni kosa. Kosa la kuajiri lenyewe ni la kuajiri *kwa kujua*. Sheria hiyo aliisaini Rais Reagan mwaka 1986, ile ile iliyowapa takriban watu milioni 2.7 makaratasi. Kabla yake mambo yalikuwa wazi zaidi, karibu niseme yalikuwa ya kweli zaidi: tangu 1952 ilikuwa jinai kumhifadhi mhamiaji haramu, lakini sheria ikaongeza kwamba kumpa kazi si kumhifadhi. Kifungu hicho kilipewa jina la Texas, kwa sababu wakulima wakubwa wa jimbo hili ndio walioking'ang'ania. Baada ya 1986 kumpa kazi kukawa kosa, ila ukiwa unajua. Kwa hiyo ufundi wote ukahamia kwenye kutojua.

Mwaka 2013 akaja mama mmoja wa Tanga. Sote tulimwita Mama Mkubwa. Viza yake ya matembezi ilikuwa imekwisha zamani, na grini kadi (ile ya ukaazi wa kudumu) aliyoniwekea mezani ilikuwa ya kweli kabisa, ila ya mwanamke mwingine wa kwetu. Kadi ilisema amezaliwa 1975. Mimi ni wa 1971. Mama Mkubwa alikuwa na wajukuu watatu, na magoti yake yalilia kila akiinuka kitini. Nikatia saini.

Kuanzia siku ile, kila alfajiri akipita dirishani kwangu kuelekea kwenye mashine ya kukunja, nilimwambia, "Shikamoo, Mama Mkubwa," naye akajibu, "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" Miaka minne. Ndani ya kabati alikuwa mdogo wangu kwa miaka minne, na nje ya kabati nikimwamkia. Kama mwendesha mashtaka angetaka ushahidi kwamba ofisi ilikuwa inajua, angehitaji mkalimani mmoja tu wa Kiswahili.

Agosti 2017 kikaja kimbunga Harvey. Waliokuwa hapa hawahitaji kusimuliwa. Hoteli zilizosalimika zilijaa waliofurikiwa majumbani, mafundi, watu wa bima, na mashuka yao yote yakaja kwetu. Watu walifanya kazi saa 62 kwa wiki. Kisheria, ukipita saa 40, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Mama Mkubwa alikuwa kwenye dola 8, kwa hiyo ya ziada ni dola 12. Bosi akaniletea utaratibu: saa 40 niziingize kwenye jina la kampuni ya kwanza, na 22 kwenye jina la kampuni ya pili, yake hiyo hiyo, halafu zote nizilipe kwa dola 8. Kila mtu akapata hundi mbili. Nilizichapa mwenyewe. Dola 4 kwa kila saa ya ziada, mara saa 22, ni dola 88 kwa wiki. Ilikwenda hivyo wiki 9.

Mama Mkubwa hakuwa na kompyuta, ila alikuwa na daftari dogo la shule, lile la mistari, lenye jalada la bluu lililojikunja pembeni kwa unyevu wa mvuke. Alipiga saa zake kwa vijiti, vinne vya kusimama na cha tano kikivilalia, kama anavyohesabu mtu gunia za nazi. Siku ya Alhamisi akalileta dirishani. Hakupaza sauti. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho: 792. "Mwanangu, mimi sikusoma sana, lakini hizi hundi mbili zinatoka mfuko mmoja. Niambie kama nimekosea hesabu."

Hakukosea hata senti. Nikampelekea meneja maneno hayo, nikidhani (naomba mniamini, ingawa mimi mwenyewe siku hizi sijiamini sana) kwamba atashtuka na kumlipa. Aliniuliza swali moja tu: "Fomu yake iko wapi?"

Nikaenda kwenye kabati. Hiyo ndiyo sehemu ninayoirudia usiku. Ni hatua kumi na mbili kutoka mezani kwangu. Droo ya kati ilikuwa ikikwama, lazima uiinue kidogo kabla ya kuivuta, na nilikuwa na nafasi yote ya duniani ya kusema faili halionekani. Nikaiinua, nikaivuta. Meneja akatazama nakala ya kadi, akagonga tarehe ya kuzaliwa kwa kalamu. "Huyu mama ana miaka 42?" Kwa miaka minne alikuwa akimpita pale kwenye mashine mara ishirini kwa siku. Nikasema sijui.

Akaambiwa alete uthibitisho kwamba yeye ndiye mwenye kadi, au aache kazi. Ilibidi nimtafsirie mimi, na kwa vile maneno mazito hayatoki bila adabu, nilianza, "Shikamoo, Mama Mkubwa..." Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, karatasi yangu ilikuwa nzima miaka minne. Imeoza Alhamisi hii tu?" Akavua aproni, akaikunja mara nne sawasawa kama foronya ya hoteli, akaiweka dirishani, akaondoka na daftari lake.

Wiki iliyofuata akaja dirishani mzee wa mashine ya pasi, Mmarekani mweusi aliyekuwa pale kabla yetu sote. Naye aliibiwa saa zile zile kwa hundi zile zile mbili. Ni daftari la Mama Mkubwa ndilo lililomzindua. Alimwona akilihesabu wakati wa mapumziko, akaenda kupanga vipande vya hundi zake. Akasema asipolipwa atapiga simu Wizara ya Kazi. Hakuna aliyeniambia nifungue droo. Alilipwa ndani ya siku 11, zote.

Mzee huyu ndiye aliyekuwa akilalamika kila siku kwamba "watu hawa" wanashusha mishahara. Wasomi hadi leo wanagombania wale Wakuba kama 125,000 walioingia Florida mwaka 1980, kama walishusha mishahara ya wenyeji au hawakuishusha, na mimi si wa kuwaamulia. Nilichokiona dirishani ni kwamba mzee aliibiwa kwa sababu bosi alizoea kuibia watu wenye faili la kufunguliwa, akasahau kuwatenganisha. Na aliyemrudishia pesa yake ni Mama Mkubwa, mmoja wa "watu hawa" aliokuwa akiwalalamikia.

Halafu nikaja kujua, nikiwa nimechelewa, kwamba sheria ya mshahara wa chini na saa za ziada haiulizi makaratasi. Saa ulizokwisha kufanya ni zako. Kuna hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2002 inayowanyima wasio na kibali malipo ya muda waliokaa nje baada ya kufukuzwa kwa kudai chama cha wafanyakazi, na watu huichanganya na hii. Mama Mkubwa hakuwa akidai muda wa kukaa nje. Alikuwa akidai vijiti vyake.

Mume wangu, ambaye anaendesha lori na alisubiri makaratasi yake miaka 11 bila kuruka foleni, amesoma mpaka hapa na hakubaliani nami. Anasema Mama Mkubwa alitumia jina la mtu, na aliyesubiri foleni anaonekana mjinga. Sina jibu la kumridhisha. Anasema pia wangewalazimisha waajiri wote kutumia E-Verify, ule mfumo wa kulinganisha fomu na kumbukumbu za serikali, yote yangekwisha. Hapo ninalo jibu. Mfumo ule hukamata namba ya kubuni. Kadi ya Mama Mkubwa haikubuniwa, na mwenyewe aliyetajwa yupo na anaruhusiwa kufanya kazi. Mfumo ungesema halali, na mimi ningeendelea kuamkia.

Na wanaosema "vamieni viwanda" wakumbuke Postville, kule Iowa. Tarehe 12 Mei 2008 serikali ilivamia machinjio pale na kukamata watu 389, wengi wao Waguatemala. Karibu 300 wakafungwa, wengi miezi mitano, kwa makaratasi ya uongo. Mkuu wa machinjio alikuja kufungwa kwa kuidanganya benki. Mashtaka yake ya uhamiaji yalifutwa. Rais Trump akampunguzia kifungo Desemba 2017, muda mfupi tu baada ya aproni ile kuachwa dirishani kwangu.

Kwa hiyo nilidhani ningemaliza kwa ukali nilioanza nao. Lakini ukali huo ukiufuata hadi mwisho unafika wapi? Bosi mwadilifu kabisa, wa kuangalia tarehe na sura, angemrudisha Mama Mkubwa mlangoni mwaka 2013. Kusingekuwa na nyumba iliyoezekwa Tanga wala ada za wajukuu watatu. Yule mwizi ndiye aliyempa kazi. Na kama tunafunga "wanaojua", saini ni yangu. Basi niandikieni kura yangu hivi, ingawa mtaona hailingani na sentensi zangu za mwanzo: msimfunge bosi kwa kumwajiri mama yule. Mfungeni kwa dola 792. Mkaguzi akija kiwandani aombe kwanza hundi, si fomu, na asiongozane na mtu wa uhamiaji. Najua hili linamwacha mume wangu na foleni yake, na sijui litakuwaje kwa anayesema nchi isiyolinda mlango si nchi. Pengine naye ana haki. Mimi nilikuwa dirishani, sikuwa mpakani.

Mwaka 2021 nilimkuta Mama Mkubwa msibani, kusini-magharibi ya mji. Nikapiga goti kidogo, "Shikamoo." Akanitazama, akacheka kwa pua. "Unaniamkia nini? Mimi ni wa sabini na tano." Wenzake waliokaa mkekani hawakuelewa.

Akatoa daftari kwenye pochi. Bado alikuwa nalo. Akaniuliza kama siku hizi lina kazi. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kusoma: muda wa kudai ni miaka miwili, au mitatu kama mwajiri alikusudia. Nikamwambia umepita. Akalifungua kutoka nyuma, kurasa zilikuwa safi, akaomba kalamu, akaanza kuandika michango ya marehemu.

(Jina langu msilitoe. Andikeni tu: msomaji, Houston.)