Samaki mkavu naye hukunjika

Wiki iliyopita dada mmoja wa Pangani kaniandikia: "Kaka, nina miaka 41, natamani kujifunza Kiarabu lakini kichwa kimeshakomaa. Nijisumbue?"

Nilisoma mara tatu, maana kidonda nakijua.

Udi, ile ala ya nyuzi, nilianza kuupiga nikiwa na miaka 44. Harusi ya kwanza niliyopiga, hapahapa Ngamiani, Tanga, Barabara ya 12, vidole vya kushoto viliganda katikati ya wimbo. Ami yangu, tena mbele ya wakwe, akasema: "Samaki mkunje angali mbichi." Watu wakaangua kicheko. Pilau ya siku ile sikuila.

Udi ukalala juu ya kabati mwezi mzima. Kilichoniinua ni kusoma. Mwaka 1995 huko Ujerumani walipimwa wapiga ala za nyuzi 9. Eneo la ubongo linalopokea hisia za vidole vya mkono wa kushoto lilikuwa pana kuliko la watu wasiopiga ala. La mkono wa kulia halikuwa na tofauti. Yaani ubongo humpa nafasi anayeutumikisha. Walioanza wadogo walizidi, hapo ami ana haki yake. Lakini mwaka 2004 watu wazima walifundishwa kurusha na kudaka mipira mitatu, na baada ya miezi 3 picha zikaonyesha ubongo wao umeongezeka pale panapofuatilia mwendo wa vitu. Walipoacha, ongezeko likapungua. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa kitandani.

Mwanasaikolojia Donald Hebb wa Kanada aliliwaza jambo hili tangu 1949: seli za neva zikizoea kushtuana, kiungo kilicho baina yao hupata nguvu. Mimi naona ni kama majirani wanaoazimana chumvi. Mwanzo mtu hubisha hodi na kuomba radhi. Mwishowe anaingia jikoni mwenyewe.

Basi nikawa na dakika 20 kila baada ya alfajiri. Kipande kilekile, polepole, kisha kilekile tena. Miaka mitatu iliyofuata niiruke tu, haina hadithi, ila mke wangu alijifunza kulala na pamba masikioni.

Mwezi uliopita nikaitwa harusini, mtaa uleule. Nilipiga mpaka bibi mmoja akanitunza.

Kwa hiyo, dada, anza kesho. Kidogo, kila siku. Usingizi usiupunguze, maana ubongo hukaza mafunzo ukiwa umelala. Na usiruke siku. Nyinyi mnaojificha nyuma ya umri, semeni tu kwamba mnaogopa kuchekwa! Mimi nilichekwa, na vidole ninavyo. Kila siku, nasema tena.

Jana jioni nilipita barazani kwa ami na udi begani. Akautazama, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kibua sokoni wanauzaje.