Ping inapita, faili kubwa zinakwama

Swali: Ofisi yetu iko Ibanda, Bukavu. Tumeunganishwa na seva ya Goma kwa tuneli ya GRE (inayofunga pakiti, yaani vifurushi vya data, ndani ya pakiti nyingine) juu ya laini ya PPPoE (njia ya mtoa huduma ya kumuunganisha mteja). Ping inajibu vizuri, lakini ukurasa wa mfumo wa hesabu unaanza kufunguka halafu unaganda, na faili kubwa haziendi kabisa. Mtoa huduma anasema tununue kasi zaidi. Ni kweli?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, msilipe chochote kwanza. Laini iliyojaa huchelewesha kila kitu. Kwenu vidogo vinapita na vikubwa vinapotea. Hiyo ni dalili ya tatizo la MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita kwenye laini.

Ethaneti hubeba pakiti ya baiti 1500. PPPoE inakula 8, GRE inakula 24, zinabaki 1468. Seva haijui hayo. Inatuma pakiti za 1500 zenye alama ya DF, inayokataza zisikatwe. Ruta inayoshindwa kuipitisha pakiti huitupa, kisha humwambia mtumaji apunguze ukubwa kwa ujumbe wa ICMP (itifaki ya taarifa na hitilafu za mtandao, ambayo ping pia huitumia), aina ya 3, msimbo wa 4. Shida ni kwamba mafundi wengi hufunga ICMP yote kwenye faiawoli wakidhani wanajilinda. Ujumbe haufiki, seva inarudia pakiti ileile, inatupwa tena, na mtu wa Ibanda anabaki kutazama skrini.

Hakikisheni wenyewe. Kwenye Linux andikeni `ping -M do -s 1472` na anwani ya seva. Kwenye Windows ni `ping -f -l 1472`. Ukiongeza baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP unapata 1500. Punguzeni hadi ijibu. Ikijibu kwa 1440 na kugoma kwa 1441, mmeshika tatizo. Ping ya kawaida ya Linux hubeba baiti 56 tu za data, ndiyo maana iliwapa moyo bure.

Wekeni MTU 1468 kwenye tuneli, pande zote mbili, na ruhusuni ujumbe ule wa ICMP. Kisha ruta ishushe MSS ya TCP (kiasi cha juu cha data ndani ya pakiti moja ya TCP) hadi 1428, yaani 1468 kutoa baiti 40 za vichwa. Kwenye Cisco ni `ip tcp adjust-mss 1428`. Msiishie kwenye MSS peke yake, maana haigusi UDP, itifaki nyingine ya kutuma data isiyotumia MSS.

Kuna watakaowashauri mfute alama ya DF ili ruta ikate pakiti. Msikubali. Kipande kimoja kikipotea, pakiti nzima imeharibika, na ruta ndogo huelemewa na kazi ya kukata na kuunganisha. Tena mkihamia IPv6 njia hiyo haipo: ruta zake hazikati pakiti.