Kabla ya kuhesabu mashine za ICU, hesabu wauguzi

Mkuu, umeuliza kama hospitali yenye ventileta (mashine za kupumulia) nyingi ndiyo ya kumkimbizia mgonjwa mahututi. Mimi ni muuguzi wa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, mwaka wa 11 sasa, zamu nyingi za usiku. Ningekuwa wewe ningeanza kuuliza kila muuguzi anashika vitanda vingapi. Mgonjwa aliye kwenye mashine anastahili muuguzi wake peke yake, au muuguzi mmoja kwa wagonjwa wawili, wakizidi sana. Muuguzi akipewa wanne, huyo anazima alamu tu.

Kuna usiku siusahau. Mgonjwa wa nimonia, ventileta mpya kabisa, nailoni ya kwenye kioo haijabanduliwa. Saa nane hivi ikaanza kulia: presha ya hewa iko juu. Oksijeni kwenye damu ilikuwa asilimia 94, ikawa 88, mara 80, mara 71. Mashine ilishatuambia kuna kizuizi, kukitoa ni kazi yetu. Nikamtoa kwenye mashine nikashika ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono, nikiminya inagoma, kumbe mpira wa kooni umeziba makohozi. Na mashine ya kufyonza ilikuwa moja kwa vitanda vinne, muda huo iko kitanda cha mwisho! Mwenzangu akaja nayo mbio akiiburuta. Tukapitisha mrija mara ya kwanza, ya pili, ya tatu ndipo likatoka donge la kijani, kama punje ya harage. Namba zikaanza kupanda. Yule alipona, ila kila nikiona picha za viongozi wakikabidhi ventileta, macho yangu hutafuta kama kuna aliyekumbuka ya kufyonzea.

Tena ICU yenyewe ilizaliwa kwa mikono ya watu. Mwaka 1952 polio iliikumba Copenhagen, na mashine za kupumulia zilikuwa chache mno. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akashauri wagonjwa watobolewe koo na kupewa hewa kwa mfuko wa kuminya kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu, usiku na mchana. Vifo vya waliokuwa wameshindwa kupumua vikashuka kutoka zaidi ya asilimia 80 hadi karibu 40.

Halafu kuna kuijua mashine. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2000 ulilinganisha wagonjwa wa mapafu yaliyoharibika vibaya: wengine walipewa katika kila pumzi mililita 12 za hewa kwa kila kilo ya uzito, wengine 6. Waliopewa 12 walikufa karibu 40 katika kila 100, waliopewa 6 walikufa 31. Ventileta ni zilezile, kilichobadilika ni namba. Na kilo hizo hazipimwi kwa mizani, zinakokotolewa kutokana na urefu, kwa hiyo kifaa unachohitaji ni futi kamba kama ya fundi cherehani. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo hiyo futi haikuwepo, urefu tunakadiria kwa macho.

Sisemi vifaa si kitu. Dawa ya kupandisha presha ukiipitisha kwa dripu ya kuhesabu matone badala ya pampu, ni kamari. Ventileta bila oksijeni ya kutosha ni hasara tupu. Kwa hiyo wakikutembeza kukuonyesha mashine, waulize: umeme ukikatika betri inashika kwa muda gani, mtungi wa akiba uko wapi, na funguo yake anayo nani saa nane usiku.