Nimejumlisha 62 na 48, Python inanipa 6248

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Newala, najifunza Python (lugha ya kuandikia programu) mwenyewe jioni kwa laptopu ya ofisi. Nataka programu ndogo ya kujumlisha kilo za korosho za kila mkulima na kukadiria malipo yake. Nimekwama. Nikiweka mzigo wa 62 na wa 48, napata 6248. Nikizidisha kilo kwa bei, skrini inajaa 62626262 hadi chini. Nikitafuta mzigo mkubwa kuliko yote kwenye faili, inanipa 98 wakati wa 105 upo. Mwenzangu wa Lindi ananiambia nitumie raw_input, kwangu inagoma. Shida iko kwenye laptopu (ni ya Windows 7) au kwangu?

Jibu: Marahaba, na pole na kazi. Laptopu yako nzima. Vituko vyako vitatu vya mwanzo vina chanzo kimoja, na ukikielewa leo utakuwa umepunguza nusu ya maumivu ya kujifunza lugha hii. Mistari uliyonitumia ni hii:

```
kilo1 = input("Mzigo wa kwanza: ")
kilo2 = input("Mzigo wa pili: ")
bei = 3200
print(kilo1 + kilo2)
print(kilo1 * bei)
```

Fanksheni (amri yenye jina) ya input hurudisha maandishi. Kila mara, hata ukiandika tarakimu tupu. Wewe ukiona 62 unaona kilo. Python inaona alama ya 6 inayofuatiwa na alama ya 2, sawa na inavyoona N na e kwenye jina la wilaya yako. Sasa alama ya kujumlisha ikikuta maandishi mawili, huyaunganisha: "Ne" + "wala" inatoa "Newala". Ndivyo 62 na 48 zilivyozaa 6248. Ungeongeza mzigo wa tatu wa kilo 75, mkulima wako angekuwa ameleta 624875, yaani zaidi ya tani 624 kutoka shamba moja. Ghala lisingetosha.

Alama ya kuzidisha nayo ina tabia yake. Ikikuta maandishi upande mmoja na namba kamili upande wa pili, huyarudia maandishi hayo. Umeiambia irudie "62" mara 3200, ikatii, ikakumwagia tarakimu 6,400. Haikukosea chochote.

Ukiwa na shaka kigeu, yaani jina linalobeba thamani kama kilo1, kimebeba nini, kiulize chenyewe: print(type(kilo1)). Ikijibu `<class 'str'>`, hayo ni maandishi. Ikijibu int ni namba kamili, na float ni namba yenye desimali. Huu mstari mmoja uzoee kuliko kukodolea macho skrini.

Dawa ni kugeuza maandishi kuwa namba pale pale yanapoingia, kabla hayajagusa hesabu yoyote:

```
kilo1 = float(input("Mzigo wa kwanza: "))
```

Nimetumia float kwa sababu mzani wenu lazima utatoa 62.5 siku moja. Ukitumia int, 62.5 itakataliwa kwa ujumbe wa ValueError.

Hili la 98 kuishinda 105 ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Skrini iliyojaa 6262 inakupigia kelele, mtu yeyote ataiona. Lakini 98 ni kilo ya kawaida kabisa. Maandishi yakilinganishwa, Python huanza na alama ya kwanza: 9 ni kubwa kuliko 1, basi, imemaliza, 98 imeshinda. Mizigo yote ikiwa na tarakimu mbili, jibu litakuwa sahihi wiki nzima na utaiamini programu yako. Siku unaingia mzigo wa 105 ndipo inapokudanganya, na haitakuambia. Kwa faili la CSV (jedwali la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato) usidhani mambo ni tofauti: moduli ya csv nayo hukusomea kila kitu kama maandishi, kwa hiyo kila kilo inayotoka kwenye faili ipitishe kwenye float kabla ya kuitafutia kubwa, ndogo au jumla.

Ndiyo maana erra nyekundu, yaani ujumbe wa kosa, mimi sizichukii. Ungeweka bei ya 3200.50 badala ya 3200, Python ingekataa katakata na kukuandikia TypeError, kwa kuwa haijui kurudia maandishi mara elfu tatu mia mbili na nusu. Ungejua papo hapo.

Sasa, karani anaandika foleni ikiwa ndefu. Atabonyeza herufi, ataacha patupu, ataandika "62kg". Float ikikutana na hivyo inaangusha programu nzima mbele ya wakulima. Tengeneza fanksheni moja ya kupokea kilo, na kila mzigo upite hapo:

```
def soma_kilo(swali):
    while True:
        jibu = input(swali)
        try:
            kilo = float(jibu)
            if 0 < kilo <= 200:
                return kilo
        except ValueError:
            pass
        print("Andika kilo kwa namba tu, mfano 62.5")
```

Isome polepole. Lupu (mzunguko unaojirudia) ya while True inauliza hadi ipate jibu linalofaa. Namba ikikubalika na ikawa ndani ya mipaka, return inaitoa na lupu inakufa. Isipokubalika, ValueError inanaswa, ujumbe unatoka, swali linarudi. Hiyo 200 ni ya mfano. Weka kikomo cha mzani wenu. Kikomo hicho kinakamata pia kidole kilichobonyeza 625 badala ya 62.5, kosa ambalo float peke yake ingelipokea bila neno. Mistari ya ndani iingie kwa nafasi nne nne, usichanganye na kitufe cha Tab, vinginevyo utakutana na IndentationError au TabError.

Utasikia watu wakikushauri uongeze replace(",", ".") ili anayeandika 62,5 naye akubaliwe. Mimi sikushauri. Sisi tunaandika elfu kwa mkato. Siku mtu akiandika 1,200, programu itaigeuza 1.2 na kuipokea kama kilo moja na ushee. Acha mkato ukataliwe, mtu aandike upya. Sekunde tatu tu.

Kuhusu bei. Umeiweka 3200 ndani ya programu, na hapo sina ugomvi na Python, nina ugomvi na mpangilio wa kazi. Kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, wewe unapopima bei haijulikani. Inajulikana baada ya mnada, na daraja la kwanza na la pili hazilipwi sawa. Kisha yapo makato. Kwa hiyo faili la kupimia libebe tarehe, namba ya mkulima, daraja na kilo, basi. Malipo yawe programu nyingine, inayosoma faili hilo na kuuliza bei ya mnada husika. Ukimwambia mkulima makadirio siku ya kupima, atayakumbuka kuliko bei yenyewe, na wa kuulizwa ni wewe.

Kwenye hiyo programu ya malipo, achana na float. Kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa mbili, na nyingi haziingii kikamilifu, jaribu print(0.1 + 0.2) uone 0.30000000000000004. Kwa kilo za ghalani haina madhara, kwa pesa za watu italeta maneno. Tumia Decimal:

```
from decimal import Decimal, ROUND_HALF_UP
malipo = Decimal("62.4") * Decimal("3195.50")
print(malipo.quantize(Decimal("1"), rounding=ROUND_HALF_UP))
```

Itakupa 199399. Angalia alama za nukuu: Decimal inataka maandishi yenyewe, kama yalivyotoka kwenye input au kwenye faili. Ukiandika Decimal(62.4) bila nukuu, unaipa float iliyokwisha kupotoka. Na usitegemee round ya kawaida kwa shilingi: round(2.5) inatoa 2 na round(3.5) inatoa 4, kwa sababu nusu kamili huipeleka kwenye shufwa iliyo karibu. Iko hivyo kwa makusudi, lakini jaribu kumweleza hilo mzee aliyesimama dirishani. Ukiihamishia Decimal kwenye soma_kilo, kumbuka erra yake inaitwa InvalidOperation, nayo inatoka kwenye decimal hiyo hiyo, ValueError haitainasa.

Mwenzako wa Lindi anasoma somo la zamani. raw_input ni ya Python 2. Kule raw_input ndiyo iliyorudisha maandishi, na input yenyewe ilitekeleza chochote ulichoandika kana kwamba ni sehemu ya programu, kwa hiyo 62 na 48 zilitoa 110 bila float, na mtu mkorofi angeweza kuandika amri badala ya kilo. Python 3 ilitoka Desemba 2008 ikarekebisha hilo, na Python 2 ilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Mwambie akiona print isiyo na mabano kwenye somo, alifunge atafute jingine.

Windows 7 itakubali hadi Python 3.8, kuanzia 3.9 haisakinishi. Kila mstari niliokuandikia hapa unafanya kazi kwenye 3.8, ila toleo hilo halipokei tena marekebisho ya usalama, kwa hiyo litumie kwa kazi ya ofisini isiyogusa intaneti. Wakati wa kusakinisha, weka tiki kwenye kisanduku cha PATH (orodha ya mahali Windows inapotafutia programu) chini ya dirisha la kwanza. Wengi hukiruka, halafu wakiandika python kwenye dirisha jeusi la amri wanaambiwa haitambuliki.