Bei kabla ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni 50,000, si 48,380

Unasema risiti ya 59,000, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani, ina bei ya mwanzo ya 48,380. Hapana ndugu, ni 50,000. Ukitoa asilimia 18 ya hiyo 59,000 ya kwenye risiti unapata 48,380, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: kodi ilihesabiwa juu ya bei ya mwanzo, si juu ya jumla. Bei hiyo iite x. Basi x + 0.18x = 59,000, yaani 1.18x = 59,000. Gawanya kwa 1.18, x ni 50,000 na VAT 9,000. Nauza vifaa vya umeme hapa Kampala, hesabu hii naifanya kila siku kwenye simu. Ila usiipeleke kwa matoke na nyanya za sokoni. Vyakula visivyosindikwa havitozwi VAT Uganda.